Faili la video halijawa faili mpaka lifungwe

Swali: "Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Pamoja na wenzangu wawili tunatengeneza programu ya simu za Android ya kurekodi wazee wakieleza kazi ya karafuu, kuanzia kupanda mikarafuu hadi kuanika. Wiki iliyopita tulimrekodi bibi mmoja kwa dakika 52. Karibu na mwisho simu ilipigwa, nikaipokea, na niliporudi nikaikuta programu imeanza upya. Faili lipo, lina ukubwa wa gigabaiti 3.2, lakini halifunguki popote. Tunatumia MediaCodec na MediaMuxer, zana za Android za kubana video na kuipanga ndani ya faili, na msimbo wetu nimekutumia. Je, mazungumzo yale yamepotea? Tufanye nini ili yasipotee mengine? Pia video fupi zinazofunguka hutoka zimelala ubavu, na hatujui ni wapi hasa pa kuzihifadhi."

Jibu: Waalaykumu salaam, Mwalimu. Nitaanza na mazungumzo ya bibi, maana msimbo mtaurekebisha wakati wowote lakini maneno yale yanataka kuokolewa sasa. Usilifute faili lile, usiiondoe programu kwenye simu, wala usimruhusu mtu yeyote aisafishe simu hiyo ili kupata nafasi. Mafaili yaliyowekwa ndani ya folda ya programu hufutwa na Android pamoja na programu yenyewe inapoondolewa. Toeni nakala na kuiweka kwenye kompyuta kwa waya. Ikiwa faili liko katika hifadhi ya ndani isiyoonekana kwa waya, programu ni yenu na mnaijenga wenyewe, kwa hivyo mnaweza kulitoa kupitia Android Studio, katika sehemu inayoonyesha mafaili ya kifaa. Mkishamaliza, kwa simu ile ile, programu ile ile na mipangilio ile ile, rekodini kipande cha dakika mbili au tatu, mkifunge vizuri kwa kitufe, na mkiweke pamoja na faili bovu. Kipande hicho kitahitajika katika matibabu, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Nina matumaini kwa hesabu ndogo tu. Gigabaiti 3.2 ukizigawa kwa dakika 52 unapata megabaiti 61 na kitu kwa kila dakika. Katika msimbo wenu nimeona mmeagiza picha ibanwe kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde na sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Megabiti 8 ni sawa na megabaiti 1, yaani megabaiti 60 kwa dakika, na sauti inaongeza karibu megabaiti 1. Hesabu zinakutana. Maana yake ni kwamba picha na sauti ya bibi ziliandikwa kwenye hifadhi ya simu tangu mwanzo, na hazikuishia njiani. Kilichokosekana ni kitu kingine, kidogo mno kwa ukubwa, ambacho bila yake hakuna programu inayoweza kuzisoma.

Ili ukielewe kitu hicho, fuatana nami kidogo katika safari ya picha kutoka kwenye kamera hadi kwenye faili. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ya ukubwa wa nukta 1920 kwa 1080, ikiwa bado ghafi kama kamera inavyoitoa kwa ajili ya video, huchukua takriban megabaiti 3.1. Kwa fremu 30 kila sekunde, hiyo ni megabaiti 93 kwa sekunde, na hakuna simu ya kawaida inayoweza kulihifadhi furiko la namna hiyo kwa dakika 52. Kwa hivyo fremu hupitishwa kwenye kodeki, yaani njia ya kuzibana ziwe ndogo, ambayo kwenu ni H.264, kiwango kilichotolewa mwaka 2003 na ambacho karibu kila simu ina kifaa chake maalumu cha kukifanyia kazi. Kodeki hutunza fremu nzima mara moja moja, kwa mfano kila baada ya sekunde moja au mbili, na kwa fremu zilizo katikati hutunza mabadiliko tu. Sauti nayo hubanwa kwa kodeki yake, AAC. Vipande vya picha na vya sauti vilivyokwisha kubanwa, kila kimoja kikiwa na muhuri wa wakati wake, hupelekwa kwa MediaMuxer, ambaye kazi yake ni kuvipanga ndani ya kasha moja la MP4.

Kasha hilo lina sehemu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza inaitwa mdat, na humo ndimo picha na sauti zinamomiminwa moja baada ya nyingine bila orodha ya kuonyesha kila kipande kinaanzia wapi. Ya pili inaitwa moov. Ifikirie kama daftari la mtunza ghala la karafuu. Magunia yamo ghalani, lakini ni daftari linalosema gunia lipi ni la nani, lina uzito gani, limewekwa safu ya ngapi na liliingia siku gani. Daftari la moov hueleza kodeki gani imetumika, kila fremu inaanzia baiti ya ngapi, ina urefu gani, na ionyeshwe wakati gani. Kwa sababu mambo hayo hayajulikani yote mpaka fremu ya mwisho ifike, kwa kawaida daftari huandikwa mwishoni kabisa, pale MediaMuxer anapoambiwa asimame. Programu ikifa kabla ya hapo, mdat hubaki imejaa na moov haipo. Faili la bibi liko katika hali hiyo: ghala limejaa na halina daftari.

Sasa tazama kilichotokea siku ile. Katika msimbo wenu, amri ya kumsimamisha MediaMuxer imeandikwa mahali pamoja tu, ndani ya kitufe chekundu. Ulipoipokea simu, skrini yenu iliondoka mbele, na tangu Android 9 ya mwaka 2018 mfumo hauiruhusu programu iliyo nyuma kuendelea kuitumia kamera. Fremu zikakatika, lakini hakuna aliyemwambia MediaMuxer kwamba kazi imekwisha, naye akabaki akingoja. Muda mfupi baadaye mfumo ulihitaji kumbukumbu na ukaifunga programu yenu. Mfumo unapoifunga programu namna hiyo haupigi hodi: hakuna mstari wa msimbo wenu unaopata nafasi ya kukimbia. Ndiyo maana uliikuta imeanza upya.

Matibabu yenyewe yanafanyika kwa zana ya bure inayoitwa untrunc, ambayo hutumika kwenye kompyuta. Unaipa mafaili mawili: lile bovu, na jingine zima lililorekodiwa kwa simu na mipangilio ile ile. Zana hiyo husoma daftari la faili zima, ikajua fremu za simu yenu zinafanana vipi, kisha hupita ndani ya mdat ya faili bovu ikizitambua fremu moja moja na kulijenga daftari upya. Kazi hii inaweza kushindwa au ikaacha sauti imetangulia picha, lakini kwa faili ambalo hesabu ya ukubwa wake inakubali kama hili, inafaa kabisa kujaribiwa. Ifanyieni kazi nakala, msiguse asili.

Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu nimewahi kulipoteza faili la namna hii. Nilikwenda Nungwi kumrekodi fundi mmoja wa majahazi, akanieleza kwa muda wa nusu saa jinsi anavyochagua matawi yenye mpindo wa asili kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za jahazi, na kwa nini hakubali mti uliokatwa wakati asioutaka. Betri ilikatika. Wakati huo sikujua kwamba faili bila daftari linaweza kutibiwa, nikalifuta. Nilirudi kwa fundi, naye kwa ukarimu akakubali kurekodiwa tena, lakini mara ya pili alijibu maswali yangu na hakusimulia. Mtu mzima akishasimulia jambo kwa moyo wake, kumwomba alirudie kwa sababu ya uzembe wa msimbo ni kumwomba kitu ambacho huenda hanacho tena.

Kwa hivyo ushauri wangu mkuu ni huu: ijengeni programu yenu kuanzia kwenye kufunga. Watengenezaji wengi, nami nikiwa mmoja wao zamani, hutumia siku kumi kuhakikisha kurekodi kunaanza vizuri na robo saa kufikiria kunavyokwisha, ilhali kuanza kukishindwa mtu huona papo hapo na kujaribu tena, na kufunga kukishindwa hajui mpaka bibi ameshakwenda zake.

Mkiendelea na MediaCodec na MediaMuxer, kufunga kuna utaratibu usiovunjwa. Kwanza mwaiambie kodeki ya picha kwamba hakuna fremu nyingine inayokuja. Kisha muendelee kupokea vipande vilivyobaki tumboni mwake mpaka kije kile chenye alama ya mwisho. Mfanye hivyo hivyo kwa sauti. Na hapo tu ndipo mmsimamishe MediaMuxer na kumwachilia. Katika msimbo wenu mnamsimamisha MediaMuxer kwanza na kodeki baadaye, na ndiyo sababu hata video zenu nzima hukosa maneno ya mwisho. Utaratibu huo wote uwekwe katika kazi moja inayoweza kuitwa kutoka popote: kwenye kitufe, skrini inapoondoka mbele, kamera inapokatwa na mfumo, hifadhi inapokaribia kujaa, na betri inapofika kiwango mtakachokichagua. Ikiitwa mara mbili, mara ya pili isifanye kitu.

Hata hivyo, kwa kazi yenu mimi ningehamia CameraX, maktaba ya msimbo wa kamera kwa ajili ya Android. Maktaba hiyo hufanya yote niliyoyaeleza kwa niaba yenu, na imefungamanishwa na maisha ya skrini kiasi kwamba skrini inapoondoka mbele, rekodi hufungwa na daftari huandikwa bila nyinyi kuomba. Pia hubeba mzigo wa tofauti za simu, na simu za bei nafuu tunazozitumia huku visiwani zina tofauti nyingi kuliko vitabu vinavyokiri. Unaipa mahali pa kuandikia, unaomba sauti iwashwe, unaanza, na inakuletea taarifa: imeanza, inaendelea, imesitishwa, na hatimaye Finalize, yaani faili limefungwa. Mpaka taarifa hiyo ya mwisho ifike, msilinakili faili, msilipakie mtandaoni, wala msimwonyeshe mtumiaji maneno "imehifadhiwa". Kubonyeza kitufe cha kusimamisha ni ombi tu, na jibu lake huja baadaye kidogo.

Hapa kuna mtego ninaotaka uuangalie kwa makini, kwa sababu unaharibu rekodi nzima. Taarifa ya Finalize hubeba pia alama ya kosa, na wengi huandika msimbo unaosema: kukiwa na kosa, futa faili. Lakini kamera ikikatwa kwa sababu skrini imeondoka mbele, CameraX hutoa kosa la chanzo kuacha kuleta fremu, na wakati huo huo faili limefungwa salama likiwa na kila kilichorekodiwa kabla ya hapo. Hali ni hiyo hiyo faili linapofikia kikomo cha ukubwa mlichokiweka. Kama bibi angerekodiwa kwa CameraX na msimbo wa kufuta kila penye kosa, simu ile ingelifunga faili vizuri na programu yenu ingelifuta sekunde hiyo hiyo. Someni namba ya kosa. Linalomaanisha kwamba hakuna data halali ndilo pekee ninaloliruhusu lifute kitu. Mengine yote yaache faili mahali pake na yamweleze mtumiaji kwa lugha ya kawaida kilichotokea. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba kitu cha rekodi mnachorudishiwa na CameraX kitunzwe mahali panapodumu, kwa sababu kikisahaulika na kuzolewa na mfumo wa kusafisha kumbukumbu, rekodi nayo husimama.

Mkija kutengeneza toleo la iPhone, mtaukuta mtego huo huo ukiwa na sura nyingine. AVCaptureMovieFileOutput, zana ya huko ya kurekodi video, hukuletea taarifa ya kumaliza ikiwa na kosa, na ndani ya kosa hilo mna ufunguo unaosema kama rekodi ilikamilika salama. Asiyeusoma ufunguo huo hutupa video nzima. Huko, hata hivyo, kuna faraja ambayo Android haikupi bila kuiomba: faili huandikiwa daftari dogo dogo kila baada ya sekunde 10, kwa hivyo programu ikifa ghafla unachopoteza ni sekunde chache za mwisho.

Faraja hiyo ndiyo inayotuleta kwenye swali linalobaki. CameraX inakulinda skrini inapoondoka mbele, lakini haiwezi kukulinda betri inapokatika au mfumo unapoiua programu katikati ya kazi. Kinga iliyo ya kweli ni kutokuwa na faili moja refu. Kama kila faili lina dakika tano, msiba mkubwa kabisa utachukua dakika tano na hautachukua dakika 52. Kwa MediaCodec mnaweza kukata bila pengo: kodeki zinaendelea kukimbia, mnaomba fremu nzima mpya, na fremu hiyo inapotoka mnamfunga MediaMuxer wa zamani na kumfungulia mwingine. Ipo pia njia ya kutumia kasha jingine, MPEG-2 TS, ambalo halihitaji daftari la mwisho na husomeka hata likikatwa katikati. Android 8 iliileta ndani ya MediaRecorder, zana yake nyingine ya kurekodi, mwaka 2017, ila huwalazimu kubadilisha kasha baadaye ili video ziwe rahisi kuhaririwa, nami naona ni kazi ya ziada kwenu.

Kwa mazungumzo na wazee ninapendelea njia ambayo haitoki kwenye uhandisi. Wekeni kitufe cha swali jipya. Mhoji anapomaliza kusikiliza jibu la kuchuma na kabla hajauliza la kuchambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, anabonyeza. Faili linafungwa, jingine linaanza, na pengo linaangukia pale ambapo hakuna anayesema. Mbali na usalama, mtapata mafaili yenye majina ya maana: kupanda, kuchuma, kuchambua, kuanika, kupima. Mwanafunzi wa skuli atakayetaka kujua jinsi karafuu zinavyoanikwa juu ya majamvi na kuokolewa mvua inapotishia hatalazimika kusaka ndani ya saa nzima. Na kila faili likishafungwa laweza kunakiliwa wakati jingine likirekodiwa. Ongezeni kikomo cha dakika kumi kwa wale wazee ambao jibu moja kwao ni safari ndefu.

Kuhusu simu inayopigwa, tatizo halikuwa picha peke yake. Tangu Android 10, programu inayorekodi wakati mazungumzo ya simu yanaendelea huendelea kupokea sauti, lakini sauti hiyo ni ukimya mtupu. Yaani hata mngefaulu kuifanya kamera iendelee, mngepata bibi anayefumbua mdomo bila neno. CameraX huripoti hali ya sauti katika taarifa zake za kila wakati, na moja ya hali hizo ni kwamba chanzo cha sauti kimenyamazishwa. Ionyesheni hali hiyo kwenye skrini kwa rangi isiyoweza kupuuzwa. Na kabla ya yote, programu yenu imwombe mhoji aiweke simu katika hali ya ndege. Ruhusa za kamera na kipaza sauti ziombwe mapema, zote mbili, kabla mzee hajakaa kitini. Nimeona rekodi nzuri za picha zisizo na sauti kwa sababu tu ruhusa ya pili ilikataliwa na programu ikaendelea kimya kimya.

Kwa kuwa tumefika kwenye sauti, niseme kwamba katika kazi hii ina thamani kuliko picha. Mkilazimika kupunguza kitu, punguzeni picha. Wakati wa kusi, upepo wa pwani unaweza kuyafunika maneno yote hata kama kipaza sauti cha simu kiko hatua mbili kutoka kwa msemaji, kwa hivyo mkalisheni mzee upande wa ukuta usiopigwa na upepo, na kama mnaweza, nunueni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo chenye kikofia cha sponji. Lakini msimwingize ndani ya chumba chenye giza, maana kamera ikikosa mwanga hupunguza idadi ya fremu kwa sekunde ili kila fremu ipate muda wa kuukusanya, na video hutoka inarukaruka.

Sasa hifadhi. Mmechagua nukta 1920 kwa 1080 kwa megabiti 8, na si kosa, lakini kwa mtu aliyekaa akizungumza ningeshuka hadi 1280 kwa 720 kwa megabiti 4. Hapo kila dakika inachukua kiasi cha megabaiti 31, na mazungumzo ya dakika 52 yanakuwa gigabaiti 1.6, nusu ya mlivyokuwa. Uso wa mzee utaonekana vizuri kabisa. Pandisheni ubora pale tu mnaporekodi mikono ikifanya kazi, kama vile kuchambua, ambapo vidole vinasema zaidi ya mdomo. Kabla ya kuanza, iulizeni Android ni nafasi kiasi gani inaweza kuwapa, mgawe kwa megabaiti za dakika moja, na mmwonyeshe mhoji jibu kwa dakika. Dakika 38 ni habari anayoweza kuitumia, gigabaiti 1.2 ni fumbo kwake. Na kama kuna anayerekodi moja kwa moja kwenye kadi ya kumbukumbu, akumbuke kwamba kadi nyingi ndogo, za gigabaiti 32 kushuka chini, huja katika mpangilio wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Faili lenu halikufika huko, lakini kwa megabiti 17 kwa sekunde lingefika ndani ya dakika 34.

Mahali pa kuweka mafaili pana jibu lenye hatua mbili. Wakati wa kurekodi, andikeni ndani ya folda ya programu, ambako hakuna programu nyingine inayoingilia na hakuhitaji ruhusa ya ziada. Msitumie folda ya muda, ile ya cache, kwa sababu mfumo una haki ya kuifuta nafasi inapokuwa finyu, na nafasi huwa finyu hasa pale mnaporekodi sana. Nalisema hili kwa sababu mmojawapo wa wenzako ametaja kuhamia Flutter, zana ya kujengea programu za simu: kiungo chake cha kawaida cha kamera, kwenye Android, hukurudishia faili lililo katika folda hiyo ya muda, na ni juu yenu kulihamisha mara moja. Faili likishafungwa na kuthibitika kuwa linafunguka, tieni nakala yake katika maktaba ya video ya simu kupitia MediaStore, ambako itabaki hata programu ikiondolewa. Nakala ya tatu iwe nje ya simu. Futeni faili la simu pale tu alama ya SHA-256 ya nakala, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yote yaliyomo ndani ya faili, inapolingana na ya asili. Kulinganisha ukubwa peke yake hakutoshi.

Kulala ubavu kwa video zenu ni jambo dogo. Kihisi cha kamera, yaani sehemu inayoipokea picha, kimefungwa ndani ya simu kwa upande mmoja na hakigeuki unapoigeuza simu. Kodeki hubana picha kama ilivyo, na ndani ya kasha huandikwa namba ya nyuzi ambazo mchezaji wa video anapaswa kuigeuza: 0, 90, 180 au 270. Nyinyi hamkuiandika. Mwambieni MediaMuxer namba hiyo kabla ya kumwanzisha, kwa sababu baada ya hapo haikubali. Kwa CameraX hakikisheni mwelekeo umewekwa kabla ya rekodi kuanza. Video fupi mlizonazo hazina haja ya kurekodiwa upya, kwani namba hiyo inaweza kurekebishwa kwenye kasha bila kuigusa picha.

Toleo jipya likiwa tayari, lijaribuni kwa kuliua. Anzeni kurekodi, kisha mpigie simu kifaa hicho na mpokee. Rekodini tena, na mwifute programu kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa. Rekodini mara ya tatu, na muizime kwa nguvu kutoka kwenye kompyuta. Jazeni hifadhi mpaka ibaki megabaiti 200, na muone programu inafunga yenyewe au inakwama. Mwishowe, chukueni simu yenye betri ya asilimia tatu na muiache irekodi mpaka izimike. Baada ya kila jaribio, fungueni kila faili lililobaki na mulitazame mpaka sekunde yake ya mwisho, mkiandika ni dakika ngapi zimepotea. Jaribio la betri likikugharimuni zaidi ya faili moja la dakika kumi, msimwendee mzee yeyote na programu hiyo bado; nitumieni msimbo tena pamoja na faili lililoharibika, na kama untrunc imeirudisha sauti ya bibi, niambieni pia.